Vigari vya kasha la kiberiti: Kichezeo kidogo kilichoiteka dunia ya watoto

Na Mwandishi Wetu, Ngara

MTU anayesimama kandokando ya barabara inayoteremka kuelekea Daraja la Rusumo, wilayani Ngara, mkoani Kagera, hahitaji muda mrefu kutambua kuwa mji huu mdogo wa mpakani unaishi kwa magari.

Malori ya makontena, matangi ya mafuta na mabasi ya abiria hufika hapa baada ya kukata zaidi ya kilometa 1,200 kutoka Dar es Salaam, yakipitia Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama na misitu ya Biharamulo kabla ya kuuona Mto Kagera. Yakishavuka, hulazimika kuhama upande, kwa kuwa Tanzania magari hupita kushoto na nchini Rwanda hupita kulia.

Pembeni ya msafara huo mkubwa upo msafara mwingine ambao maofisa wa forodha hawauandiki katika daftari lolote. Ni msafara wa watoto wanaosukuma magari ya waya na ya madumu ya plastiki, yenye magurudumu yaliyokatwa kwenye kandambili zilizochakaa au yaliyotokana na vizibo vya soda.

Ukiyatazama kwa makini, utabaini kuwa mtengenezaji hakubahatisha. Lori lina kichwa na tela, gari la mafuta lina tangi, na basi lina keria yake juu. Mtoto ameitazama barabara, akachagua gari alipendalo, kisha akalipunguza ukubwa hadi likaenea mikononi mwake.

Hamu hiyo ya kuikamata dunia kubwa na kuiweka kiganjani haikuanzia Rusumo wala haiishii hapa. Ndiyo iliyozaa vigari vya Matchbox vya Uingereza, jina ambalo kwa Kiswahili maana yake ni kasha la kiberiti, na kuvifanya kuwa miongoni mwa vichezeo vidogo vilivyokusanywa na watoto wengi zaidi duniani katika karne ya 20.

Makala haya yanaeleza vigari hivyo vilikotoka, kilichovipandisha, kilichoiangusha kampuni iliyoviunda, na kile ambacho mzazi wa leo, awe Ngara mjini, Biharamulo au Dar es Salaam, anapaswa kukijua kuhusu vichezeo vidogo vya kukusanya vilivyofuata nyayo zake.

Marafiki wawili na baa iliyofungwa

Kampuni iliyozaa vigari hivyo iliitwa Lesney Products. Ilianzishwa jijini London Januari 1947 na marafiki wawili waliosoma pamoja na kutumikia jeshi la majini la Uingereza katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Leslie Smith na Rodney Smith.

Licha ya kuwa na jina moja la ukoo, wawili hao hawakuwa ndugu. Jina la kampuni lilitokana na kuunganisha sehemu ya kwanza ya jina la Leslie na sehemu ya mwisho ya jina la Rodney.

Karakana yao ya kwanza ilikuwa katika jengo la baa iliyokuwa imefungwa, eneo la Edmonton, kaskazini mwa London. Muda si mrefu waliungana na Jack Odell, fundi hodari wa kumimina metali iliyoyeyushwa katika kalibu za chuma. Odell ndiye aliyekuja kuwa akili ya kiufundi ya kampuni hiyo.

Mwanzoni hawakukusudia kutengeneza vichezeo. Kazi yao ilikuwa kumimina vipuri vidogo kwa ajili ya viwanda vingine. Hata hivyo, oda zilipokuwa zikipungua kuelekea mwisho wa mwaka, mitambo yao ilikaa bila kazi, ndipo walipoanza kutengeneza vichezeo vichache ili isilale. Miongoni mwa vya awali, mwaka 1948, ilikuwa gari la kushindilia barabara.

Njia haikuwa nyepesi. Wakati wa Vita ya Korea, iliyoanza mwaka 1950, Uingereza ilizuia zinki isitumike kutengenezea vichezeo, kwa kuwa madini hayo yalihitajika kwa mahitaji ya vita. Mwaka 1951 Rodney Smith alijiondoa katika kampuni, akawaacha Leslie Smith na Odell waendelee.

Kutawazwa kwa malkia

Februari 1952, Mfalme George VI wa Uingereza alifariki dunia. Binti yake, Elizabeth, alikuwa ziarani nchini Kenya, katika eneo la Nyeri, na huko ndiko alikorithi kiti cha enzi.

Sherehe za kumtawaza zilifanyika London Juni 2, 1953. Afrika Mashariki nayo iliadhimisha tukio hilo kwa kuanzisha mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mashindano hayo ndiyo yaliyokuja kujulikana kama Safari Rally.

Huko London, Lesney iliadhimisha kwa namna yake. Ilitengeneza kigari kidogo mfano wa gari la kifalme la kukokotwa na farasi, kikauzwa zaidi ya nakala milioni moja. Kwa kampuni iliyoanzia katika baa iliyofungwa, hayo yalikuwa mafanikio makubwa.

Mauzo hayo yaliwapa wenye kampuni vitu viwili. Kwanza, fedha za kununulia mitambo. Pili, uthibitisho kwamba mnunuzi wa kawaida hakuhitaji kichezeo kikubwa. Kidogo kilichotengenezwa kwa ustadi kilimtosha.

Amri ya shule

Kwa mujibu wa simulizi inayofahamika sana katika historia ya kampuni hiyo, binti wa Jack Odell alisoma katika shule iliyokuwa na amri moja ngumu: mwanafunzi asije na kichezeo chochote shuleni isipokuwa kile kinachoweza kuingia katika kasha la kiberiti.

Mwaka 1952 baba yake alikwenda karakanani, akalichukua lile gari la kushindilia barabara na kulitengeneza upya kwa shaba nyeupe likiwa dogo kiasi cha kuenea katika kasha. Mtoto akalipeleka shuleni. Wenzake walipoliona, kila mmoja akataka la kwake.

Mwalimu aliyeweka amri hiyo alikuwa akipunguza usumbufu darasani. Pasipo kujua, aliiwekea kampuni nzima kipimo cha kazi yake.

Mwaka 1953 vigari vya kwanza vitatu viliingia sokoni: gari la kushindilia barabara likiwa namba moja, tipa la kubebea kifusi namba mbili, na mashine ya kuchanganya zege namba tatu. Mwaka uliofuata likafuata trekta la Massey Harris na basi jekundu la ghorofa la London.

Kila kimoja kiliwekwa katika kasha la karatasi ngumu lililofanana na kasha la kiberiti. Bei yake ilikuwa takriban shilingi moja na nusu ya Uingereza. Kwa kuwa wakati huo shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa na thamani sawa na ya Uingereza, kwa Tanganyika hiyo ingekuwa shilingi moja na senti 50.

Ni bei iliyobadilisha mnunuzi. Kabla ya hapo kichezeo cha chuma kilikuwa zawadi ya Krismasi au ya siku ya kuzaliwa, na aliyekinunua alikuwa mzazi. Kigari cha Matchbox kiliuzwa hata katika maduka ya magazeti na peremende, na mtoto aliweza kukinunua mwenyewe kwa akiba yake.

Siri ya namba 75

Yapo mambo manne yaliyovifanya vigari hivyo vikusanywe badala ya kununuliwa mara moja tu.

La kwanza ni kasha. Ukubwa wa kigari haukuamuliwa na uwiano wake na gari halisi, bali na nafasi iliyokuwamo ndani ya kasha. Kwa sababu hiyo, trekta na basi la ghorofa vilikaribiana ukubwa. Wapenzi wa vipimo sahihi walilalamika, lakini mtoto alipata vitu vilivyopangika vizuri katika safu moja.

La pili ni namba. Kila kigari kilikuwa na namba yake, na mtoto mwenye namba nne na namba sita alijua bila kuambiwa na mtu kuwa namba tano inamsubiri dukani. Pengo katika safu lilifanya kazi ya matangazo.

La tatu ni ukomo. Orodha ilipofika namba 75, mwishoni mwa miaka ya 1950, ilisimama hapo. Kigari kipya kilipotoka, kilichukua namba ya cha zamani, na cha zamani kikaacha kutengenezwa. Hivyo mkusanyaji alikuwa na lengo linaloonekana, lakini lengo hilo lilibadilika kila mwaka, na kile kilichoondolewa kikaanza kuwa adimu.

La nne ni ukweli. Hapakuwa na majini wala mashujaa wa hadithi. Vigari vilikuwa vile ambavyo mtoto aliviona akienda shule: gari la taka, gari la maziwa, tangi la mafuta, gari la wagonjwa, trekta.

Orodha hiyo haikuisahau barabara ya Afrika. Land Rover, gari lililotumiwa sana na maofisa wa serikali, wamisionari na mabwana shamba katika Tanganyika, lilitolewa kwa umbo dogo mwaka 1955. Mwaka 1965 likaja Land Rover jingine lenye mizigo juu ya paa, nalo likapewa jina la Safari. Neno la Kiswahili likawa limeingia katika mifuko ya watoto ambao hawakuwahi kuiona Afrika Mashariki.

Kufikia mwaka 1960, Lesney ilikuwa imeandikishwa katika Soko la Hisa la London. Katikati ya muongo huo ilikuwa ikitengeneza zaidi ya vigari milioni 100 kwa mwaka katika viwanda vyake vya mashariki mwa London, na wafanyakazi wengi wakiwa ni wanawake wa mitaa ya jirani. Mwaka 1966 ilipata tuzo ya malkia kwa mafanikio yake katika biashara.

Mshindani kutoka California

Pamoja na mafanikio hayo, tatizo lilikuwa likiandaliwa upande wa pili wa Bahari ya Atlantiki.

Mwaka 1968, kampuni ya Mattel ya California, Marekani, iliyokuwa tayari imejipatia umaarufu kwa mwanasesere Barbie, ilizindua vigari vya Hot Wheels. Toleo la kwanza lilikuwa na magari 16. Yalipakwa rangi za kumeta, yakawekewa magurudumu yenye msuguano mdogo, na yaliuzwa pamoja na reli za plastiki za rangi ya machungwa ambazo yaliteremka kwa kasi kubwa.

Tofauti ilikuwa dhahiri. Kigari cha Matchbox kilitengenezwa ili kitazamwe na kupangwa. Cha Hot Wheels kilitengenezwa ili kishindane. Mtoto aliyeviweka viwili hivyo kwenye mteremko mmoja hakuhitaji maelezo ya mtaalamu.

Marekani ilikuwa soko kubwa la Lesney, na pigo lilikuwa zito. Kampuni ilijibu mwaka 1969 kwa toleo lililoitwa Superfast, lenye magurudumu mepesi. Lakini kubadilisha magurudumu kulimaanisha kubadilisha kalibu na mitambo kwa aina zote 75, kazi iliyohitaji muda na fedha nyingi.

Lesney ilivuka miaka ya 1970 ikichechemea. Uchumi wa Uingereza ulidorora, na gharama za kuzalisha London zikapanda huku washindani wakitengeneza vichezeo Asia kwa bei nafuu. Juni 1982 kampuni ilifilisika.

Jina la Matchbox lilinunuliwa na kampuni ya Universal Toys ya Hong Kong, na utengenezaji ukahamia Asia. Mwaka 1992 likachukuliwa na Tyco ya Marekani. Mwaka 1997 Tyco ikaunganishwa na Mattel, yaani mwenye Hot Wheels. Mahasimu wawili wakaishia chini ya paa moja, na hadi leo vigari vya majina yote mawili vinatengenezwa na kampuni hiyo.

Odell hakukata tamaa. Mwaka huohuo wa 1982 alianzisha kampuni nyingine ya vigari vidogo na kuiita Lledo, ambalo ni jina lake la ukoo likisomwa kinyumenyume. Leslie Smith alifariki dunia mwaka 2005, na Odell akamfuata mwaka 2007.

Mwaka 2019, vigari vya Matchbox viliingizwa katika Jumba la Kitaifa la Heshima ya Vichezeo nchini Marekani, heshima inayotolewa kwa vichezeo vilivyodumu na kubadilisha namna watoto wanavyocheza.

Warithi wenye siri ndani

Njia iliyofunguliwa na kasha la kiberiti ilipitwa na wengi. Japani ilianzisha vigari vyake vya Tomica mwaka 1970. Nchini Italia, mwaka 1974, kampuni ya Ferrero ilitoa yai la chokoleti la Kinder lenye kichezeo kidogo ndani yake. Mwaka 1983, baba mwingine wa Kiingereza, Chris Wiggs, alimtengenezea binti yake nyumba ndogo ya mwanasesere ndani ya kikopo cha poda; kazi hiyo iliuzwa kuanzia mwaka 1989 kwa jina la Polly Pocket.

Yai la Kinder lilileta jambo moja ambalo Matchbox haikuwa nalo, yaani siri. Mnunuzi hajui atakachokikuta mpaka afungue. Siri hiyo ndiyo iliyokuwa mhimili wa L.O.L. Surprise, wanasesere wadogo waliotolewa na kampuni ya MGA ya Marekani mwaka 2016, na wa Labubu, kiumbe mwenye meno makali aliyebuniwa na msanii Kasing Lung na kuuzwa na kampuni ya Pop Mart ya China tangu mwaka 2019, ambaye umaarufu wake ulilipuka mwaka 2024.

Kwa mzazi, tofauti kati ya kasha la wazi na kasha la siri si ndogo, na hesabu rahisi inaweza kuidhihirisha.

Chukua mfululizo wenye vichezeo 12 tofauti. Vikiuzwa wazi, mtoto atavikamilisha kwa kununua mara 12. Vikiuzwa ndani ya makasha yaliyofungwa, kila kimoja kikiwa na nafasi sawa ya kutokea, kwa wastani atalazimika kununua mara 37, kwa sababu kadiri anavyokaribia mwisho ndivyo anavyozidi kukutana na vile alivyo navyo tayari.

Lau vigari 75 vya Matchbox vingeuzwa kwa mtindo huo, mtoto angehitaji kununua mara 368 kwa wastani. Na hiyo ni pale ambapo hakuna kilichofanywa adimu kwa makusudi. Kikiwepo, na aghalabu hakikosekani, idadi hupanda zaidi.

Dawa yake watoto wenyewe wameijua siku zote, nayo ni kubadilishana. Mwenye viwili vinavyofanana humpa mwenzake kimoja na kupokea asicho nacho. Mzazi anayewapa watoto nafasi ya kukutana na kubadilishana huokoa fedha nyingi, na mtoto hujifunza kupatana bei kabla hajalijua soko.

Udogo wenye hatari

Sifa iliyovipandisha vichezeo hivi, yaani udogo, ndiyo pia hatari yake kubwa.

Mtoto aliye chini ya miaka mitatu huitambua dunia kwa kuitia mdomoni, na njia yake ya hewa ni nyembamba. Ndiyo maana viwango vya usalama vya nchi nyingi vinapima vichezeo vya watoto wa umri huo kwa kopo dogo lenye kipenyo cha milimita 31.7. Kipande chochote kinachoingia chote katika kopo hilo bila kushindiliwa hakifai kupewa mtoto wa umri huo.

Nyumbani, mzazi anaweza kutumia bomba la karatasi ngumu linalobaki baada ya karatasi ya chooni kwisha. Bomba hilo ni pana zaidi kidogo kuliko kipimo rasmi, hivyo linampa mtoto usalama wa ziada. Kinachopita humo kiwekwe mbali na mdogo.

Kipimo hicho hakibagui cha dukani na cha nyumbani. Kizibo cha soda kilichogeuzwa gurudumu kinakaribia kabisa ukubwa huo. Kaka wa miaka tisa atacheza nacho bila tatizo, ila mdogo wake anayetambaa asiachwe karibu nacho.

Marekani imekuwa kali zaidi. Sheria yake ya mwaka 1938 inakataza kuficha ndani ya chakula kitu kisicholiwa, na kwa sababu hiyo yai la Kinder lenye kichezeo katikati limezuiwa nchini humo. Toleo linalotenganisha chokoleti na kichezeo katika pande mbili ndilo lililoruhusiwa, na likaanza kuuzwa huko mwishoni mwa mwaka 2017.

Vichezeo vyenye betri ndogo bapa, zinazofanana na kifungo cha shati, vinahitaji uangalifu wa pekee. Betri hiyo ikimezwa na kukwama kwenye koo, inaweza kuanza kuunguza nyama ya ndani katika muda wa saa mbili. Mtoto anayedhaniwa kumeza betri apelekwe hospitali mara moja, hata kama hajaonyesha dalili yoyote.

Hatari nyingine haionekani kwa macho, nayo ni madini ya risasi katika rangi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto.

Agosti 2007, Mattel yenyewe ililazimika kurudisha kutoka sokoni takriban vigari 436,000 vyenye umbo la gari la kijeshi liitwalo Sarge, kutoka katika filamu ya Cars, baada ya kugundulika kuwa rangi iliyotumika nchini China ilikuwa na risasi. Ikiwa kampuni kubwa kiasi hicho iliweza kupitiwa, mnunuzi wa kichezeo kisicho na jina la mtengenezaji ana sababu zaidi ya kujihadhari.

Nchini Tanzania, wajibu wa kusimamia ubora wa bidhaa uko mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Tangu mwaka 2012 limekuwa na utaratibu wa bidhaa zinazoagizwa kukaguliwa katika nchi zinakotoka kabla ya kusafirishwa. Hata hivyo, ukaguzi wa mwisho hufanywa na mzazi dukani: jina la mtengenezaji, umri uliotajwa kwenye kasha, harufu kali ya rangi, na vipande vinavyong'oka kwa kuvutwa kidogo.

Fundi wa Rusumo

Turudi kwenye ule msafara wa waya na vizibo.

Mtoto wa Rusumo ametimiza, bila kufundishwa na mtu, karibu yote aliyoyatimiza Odell. Ameanza na gari la kweli. Amelipunguza kwa kipimo kinachomfaa. Ametumia malighafi iliyopo. Na hakika akishamaliza lori, atataka tangi, na akimaliza tangi atataka basi.

Alichokosa ni kalibu. Gari la waya hutengenezwa moja moja, na la pili halilingani na la kwanza. Odell alipotengeneza kalibu moja, aliweza kutoa vigari maelfu kwa maelfu vilivyofanana, na hapo ndipo bei iliposhuka hadi kufikia mfuko wa mtoto. Umbali kati ya ufundi na kiwanda ni umbali wa kalibu hiyo.

Si umbali usiovukika. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) limekuwapo tangu mwaka 1973, na vyuo vya ufundi stadi chini ya VETA vinafundisha kazi za chuma. Barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi Rusumo ina magari ya kutosha kujaza orodha ya namba 75, na watoto wanaoyajua kwa sauti zake kabla hayajatokeza kwenye kona.

Lakini kabla ya kiwanda, kuna jambo la karibu zaidi. Hatari kubwa kwa mtoto mwenye gari la waya mjini Rusumo si kizibo wala waya wenye ncha. Ni lori halisi linaloteremka nyuma yake wakati yeye akili yake yote iko kwenye lori lake dogo.

Daraja jipya na kituo cha huduma za pamoja mpakani, vilivyozinduliwa Aprili 6, 2016 na marais John Magufuli wa Tanzania na Paul Kagame wa Rwanda, viliondoa msongamano wa daraja la zamani lililokuwa jembamba. Magari yanayovuka haraka ni neema kwa biashara. Kwa mtoto anayecheza kandokando ya lami, ni sababu ya kumtafutia uwanja mwingine.

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unatambua katika kifungu cha 31 haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inaitambua haki hiyo. Haki hiyo haidai vichezeo vya gharama. Inadai muda, na mahali ambapo gari kubwa halifiki.

Daraja la zamani la Rusumo lilishuhudia, Aprili 28 na 29, 1994, takriban Wanyarwanda 250,000 wakivuka kuingia Ngara ndani ya saa 24 kukimbia vita na mauaji. Watoto walikuwa wengi miongoni mwao. Katika safari ya namna hiyo mtoto hubaki na kile tu kinachoenea mkononi mwake.

Pengine hapo ndipo ilipo siri ya kichezeo kidogo. Mwalimu wa London alikipa ukubwa wa kasha la kiberiti ili kisisumbue darasa. Watoto walikipenda kwa sababu nyingine: kilikuwa chao, kiliingia mfukoni, na kilikwenda nao kila walikokwenda.

Wazazi, viongozi wa mitaa na walimu wa Rusumo hawahitaji kusubiri kasha kutoka Hong Kong ili kuwapa watoto wao furaha hiyo. Wanachohitaji ni kutenga kiwanja kidogo mbali na barabara kuu, na kuwaachia watoto waya, madumu na vizibo. Magari watayatengeneza wenyewe.